Nyundo Isiyoombwa

Tulipomaliza matanga ya kaka yangu Byarugaba, wifi yangu aliniita chumbani kwake, akafungua sanduku la nguo na kutoa kitu kilichofungwa kwa kitenge kikuukuu. Alinikabidhi kwa mikono miwili, nusu kwa heshima, nusu kwa kutaka kuondokana nacho.

"Hiki nadhani ni cha kwenu," alisema. "Nimekikuta humu tangu nilipoolewa. Nimetaka kukitupa mara nyingi, mwenyewe akawa mkali. Hata sijui ni nini."

Nilifungua kile kitenge. Ndani yake kulikuwa na bomba la udongo, refu kama mkono kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, limekauka lakini halijapitishwa motoni. Nililisogeza puani kabla sijalitazama vizuri. Udongo wa bondeni una harufu yake, na ukichanganywa na vigae vilivyosagwa unanukia kama mvua ya kwanza inayoangukia njia yenye vumbi. Nikakaa kitandani kwa wifi bila kukaribishwa, bomba likiwa bado puani.

Wifi hakuona. Alikuwa na la kwake moyoni.

"Na siku za mwisho alinisumbua kwa pombe," aliendelea. "Mtu mwenyewe hakuwa mlevi, unamjua. Lakini kila moto wa jikoni ukizimika tu, anaanza: nipe kibuyu, nipe kibuyu cha lubisi niende. Uende wapi, baba, na hali hiyo? Daktari kakataza pombe kabisa. Basi nikamnyima. Anajaribu kuinuka mwenyewe, anaanguka. Mume wangu amekufa ananililia kinywaji, wifi, na mimi nimemnyima. Linaniuma."

Nilitaka kumjibu palepale, lakini jibu lake ni refu. Nitawaeleza ninyi kwanza, wenzangu mliokula chumvi nyingi kama mimi, kwa sababu pengine nanyi mlikulia katika nyumba ambamo watu walipendana sana na hawakuambiana kitu.

Kwetu ni upande wa Nyakatuntu, kwenye kilima ambacho ukichimba shimo la mgomba unakutana na mavi ya chuma kabla hujakutana na mawe. Ni mabonge meusi, mazito, yenye matundu, yaliyobaki enzi ambazo babu zetu walikuwa wakiyeyusha mawe ya kilimani kupata chuma. Sisi watoto tuliyafanya ng'ombe. Bonge kubwa lilikuwa fahali, madogo yalikuwa ndama, na tuliwapeleka kunywa maji kwenye mfereji wa kibanja. Wakati wangu hakuna aliyeyeyusha mawe tena. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alifua vyuma chakavu, hasa springi za malori ambazo wachuuzi walizileta kutoka njia ya Murongo, akizigeuza kuwa majembe, visu na mundu za kupogolea migomba.

Nyumba ya mhunzi kila mtu ana kazi yake, na mtoto hapewi nafasi ya kukaa akishangaa. Kaka Byarugaba alivuta mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya mbuzi inayotoa upepo, kushoto na kulia, mpaka mabega yake yakatangulia umri wake. Mimi nilikuwa wa Mama. Kazi ya Mama ilikuwa mabomba ya udongo yanayopitisha upepo wa mivukuto hadi kwenye makaa, kwa maana ngozi ya mbuzi huwezi kuiingiza motoni. Bomba huungua, hupasuka, hutakiwa jingine. Tulishuka bondeni kuchimba udongo, tukasaga mabomba yaliyovunjika, tukachanganya, tukakanda kwa visigino, kisha Mama akauviringisha udongo kwenye mti laini aliokuwa nao tangu alipoolewa. Ukishika kidogo, aliuchomoa mti kwa kuuzungusha, taratibu, akiwa ameziba pumzi. Mimi pia niliziba pumzi. Mpaka leo nikichomoa kitu chochote kilichobana, hata kizibo cha chupa, ninaziba pumzi.

Tata alipenda kumtania. "Mimi ninafua chuma," angesema mbele ya wageni, "lakini mwenye kiwanda ni huyu. Akininunia siku moja, kijiji kizima kitalima kwa vidole."

"Basi usinichokoze," Mama angejibu, na wageni wangecheka huku wakitafuna buni za kahawa.

Tata alikuwa na nyundo moja. Haikuwa na mpini. Ilikuwa chuma kitupu tangu juu hadi chini, nyembamba pale inaposhikwa na nene kichwani, na sehemu ya kushikia ilikuwa imelika na kung'aa kwa mikono ya baba yake na babu yake. Kwetu nyundo ya mhunzi ni mke. Siku nyundo mpya inapoingia nyumbani hupokewa kama bibi harusi: moto wa kibanda cha uhunzi huzimwa na majivu hufagiwa, chini hutandikwa nyasi mbichi, nyundo huletwa imefunikwa nguo ya gome la mti, wanawake hupiga vigelegele, na mhunzi hukaa naye ndani kabla ya kuanza kazi. Mama alimwita nyundo wetu "mwenzangu", kama mke mwenza. Hakumruka, hakumpa mgongo, na akiingia kibandani asubuhi alimsalimu kabla ya kumsalimu mumewe.

Mimi niliamini kabisa kwamba Tata ana wake wawili, mmoja wa nyama na mmoja wa chuma, na sikuona ajabu yoyote, kwa kuwa majirani wengi walikuwa na wawili na wa kwao waligombana. Huyu wetu, ambaye nilimwita mama mdogo, hakugombana na mtu. Jioni nilimwekea kipande cha ndizi juu ya jiwe la kufulia chuma, na asubuhi hakikuwepo. Kuku wa jirani walinenepa, lakini mimi nilijua moyoni mwangu kwamba mama mdogo amekula.

Kaka alipokuwa kijana wa kunyoa ndevu alikwenda kwenye migodi ya bati. Vijana wengi walikwenda. Huko walipojua ni mtoto wa mhunzi wakamweka kwenye kazi ya kunoa sululu, naye akawa anarudi nyumbani kila baada ya muda akiwa na sabuni, chumvi na maneno mapya ya Kiswahili ambayo alinifundisha kwa majivuno. Tata hakumkataza kwenda. Nakumbuka alimwambia tu, "Ukisikia moto wa nyumbani unakuita, uje."

Kaka akasema, "Nitakuja, Tata." Nafikiri kila mmoja aliondoka pale akiamini wameelewana.

Moto wa kibandani kwetu haukufa kamwe. Jioni ulilazwa chini ya majivu, asubuhi ukaamshwa, na mimi ndiye niliyetumwa na kigae kuchukua kaa la kuwashia jiko la Mama. Asubuhi moja nilifukua majivu nikakuta ubaridi. Nikafukua zaidi, kwa mkono, mpaka kwenye udongo. Baridi. Nikakimbia kwa Mama.

"Mama, moto umekufa!"

Mama alikuwa akimenya ndizi. Kisu kilisimama hewani. Alitazama mlango wa kibanda, kisha akatazama njia inayoelekea migodini, akaitazama muda mrefu kama mtu anayeona mgeni wake kwa mbali.

"Usipige kelele," alisema. "Chukua ufagio, ukafagie humo. Na kesho utafagia tena."

Nikafagia. Mama akaleta nyasi mbichi akazitandika. Tata alioga mchana, jambo lisilo la kawaida kwa mtu wa makaa, akavaa kanzu yake safi, akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa kibanda bila kufanya kazi. Hapo nikajua kila kitu. Moto umezimwa, majivu yamefagiwa, nyasi zimetandikwa, bwana ameoga: Tata anaoa nyundo nyingine! Nilifurahi mpaka nikaogopa kwamba furaha itanitoroka mdomoni. Niliwaza vigelegele, na niliwaza lubisi, pombe yetu ya ndizi, hasa ile tamu isiyochacha ambayo watoto huruhusiwa. Niliwaza pia kwamba mama mdogo atapata mwenzake wa kuongea naye usiku.

Siku zikaenda na bibi harusi hakuja. Watu walikuja na majembe yaliyopasuka, wakakuta Tata ameketi.

"Bega," aliwaambia. "Bega halitaki."

Ni kweli bega lilimuuma. Lakini lilikuwa limemuuma siku nyingi na alikuwa akifua nalo hivyo hivyo. Watu wakaanza kununua majembe ya dukani, yale yenye rangi, na jirani mmoja aliyependa utani mkali alimuuliza mbele yetu, "Mhunzi, duka limekushinda?"

"Labda," Tata alisema, akacheka.

Nilimwona Mama akiingia ndani haraka. Maneno yale yalitembea. Yalifika hadi migodini, kwamba mhunzi wa Nyakatuntu ameshindwa na duka, amekaa tu na kanzu yake anaota jua. Na wakati maneno yakitembea, Mama aliendelea kutengeneza mabomba. Hakuna moto, hakuna bomba lililoungua, lakini tulishuka bondeni, tukachimba, tukakanda. Yakajaa chini ya paa la kibanda, yamepangwa, yanakauka. Nilimuuliza ya nini yote hayo.

"Anayekuja atayahitaji," alinijibu. Nikatikisa kichwa kwa kujua. Nilidhani bado tunazungumza juu ya bibi harusi.

Kaka alirudi kabla ya msimu wa senene. Nilimlaki njiani, nikambebea mfuko, na sikumwambia siri yangu kwa sababu nilitaka aione mwenyewe. Aliwasalimu wazazi, kisha akaenda moja kwa moja kibandani. Alipiga magoti akaingiza kiganja kwenye majivu, akakiacha humo. Tata alikuwa kigodani na alimwona. Nilimwona Tata akinyoosha mgongo na kuvuta kanzu ifunike magoti vizuri, kama mwenye nyumba aliyesikia wageni wa heshima wanabisha. Mama, aliyekuwa kwa nje, aliacha kutwanga.

Kaka akatoka akiwa na uso ulioanguka.

"Tata, bega linauma sana?"

"Bega ni bega."

"Na kazi?"

"Kazi ipo. Wewe umeonaje humo ndani?"

"Nimeona majivu."

"Ndiyo," Tata alisema kwa sauti ya chini. "Umeona majivu." Akangoja.

Kaka alitafuta maneno. Alikuwa kijana mwenye huruma, na nina hakika alichagua maneno mazuri kuliko yote aliyokuwa nayo.

"Pumzika, Tata," alisema. "Umefanya kazi vya kutosha."

Sijui niseme nini juu ya uso wa Tata. Haukukasirika. Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akaomba maji ya kunywa, na alipopewa hakuyanywa.

Siku ya kuondoka, Mama alimsindikiza kaka hadi bondeni kwa kisingizio cha kuchimba udongo. Nilikwenda nao. Kaka alimtwisha Mama kikapu, na Mama akabaki amesimama na kikapu kichwani, hasogei.

"Byarugaba, huna neno la kumwambia baba yako?"

"Neno gani, Mama?"

"Neno la mtoto wa kiume."

Kaka alifikiri. "Nimemwambia apumzike. Nikirudi nitamletea kitu cha kumsaidia. Nimekifikiria tayari."

Udongo ulikuwa ukimdondokea begani kupitia kikapu na hakuufuta.

"Haya," alisema. "Nenda salama, mwanangu."

Kitu alichokifikiria kaka kilikuja miezi baadaye ndani ya gunia. Nilipoona umbo lake nilipiga mayowe ya furaha moyoni, kwa kuwa nililijua: nyundo! Bibi harusi amekuja, na ameletwa na kaka mwenyewe. Lakini kaka alilibwaga gunia uani kama mzigo wa kuni. Akatoa nyundo ya kiwandani, nyeusi, ina mpini wa mti uliopakwa mafuta, akampa Tata kwa mikono miwili.

"Nimekuletea, Tata. Ni nyepesi kuliko ile. Ina mpini, haitarudisha mshtuko begani. Nataka uwashe moto tena, watu waache kusema."

Tata aliipokea. Aliipima kwa mkono, akaigeuza, akaupapasa mpini.

"Nzuri," alisema. "Umejisumbua."

"Utaijaribu?"

"Nitaijaribu."

"Na ile ya zamani ipumzike tu."

"Ndiyo," Tata alisema. "Na yeye atapumzika."

Mama alileta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, wakatafuna wote watatu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilimtazama Mama, nikamtazama Tata, nikasubiri harusi ianze. Kisha Tata akaingia kibandani, akamchukua mama mdogo kutoka kwenye jiwe lake, akamfunga kwa nguo ya gome na kwenda kumlaza chini ya kitanda chake. Nililia. Niliona bibi harusi mwenye mguu wa mti amekuja kumfukuza mwenzake, na nikamchukia huyo mgeni kwa nguvu zote za mtoto. Kaka alinibembeleza, akafikiri nalilia zawadi, akanipa sabuni yenye harufu.

Nyundo ile mpya haikugonga chuma hata siku moja. Moto haukuwashwa. Tata aliendelea kuoga mchana na kukaa mlangoni kwa muda, kisha akaacha kuoga mchana, kisha akaacha kutoka nje. Kifua kilimshika wakati wa mvua kubwa. Kaka alipofuatwa migodini na kufika nyumbani, Tata alikuwa tayari amefunikwa.

Shangazi, dada yake Tata, alifika kutoka Ihembe alikoolewa. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, na alilia kama anavyopaswa kulia, kisha akafuta uso akaenda kibandani kuzima moto, kwa sababu mhunzi akifa, dada yake ndiye humzimia moto. Akatoka.

"Nani amezima moto huu?"

"Mwenyewe," Mama alijibu.

"Lini?"

"Mwaka jana, shamba likiwa na maharage."

Shangazi akamgeukia kaka. "Na wewe hukuleta kibuyu?"

"Kibuyu gani, Shangazi?"

"Babu yako hakukwambia?"

"Babu alikufa mimi nikiwa bado nachunga mbuzi."

Shangazi alikaa chini pale pale uani, kwenye matope, na nguo zake nzuri za msibani. Alimwambia kaka polepole, na sisi tukisikia, mambo ambayo babu humwambia mjukuu wa kiume kwa siri, kwa sababu baba hawezi kuyasema kwa mdomo wake. Mhunzi hawezi kumgawa mke wake kwa maneno. Hawezi kumwambia mwanawe, njoo umchukue. Anapoona nguvu zinamwisha huacha moto ufe, akaoga, akakaa mlangoni kungoja. Mwana akikuta majivu baridi, hujua ameitwa. Huleta kibuyu cha lubisi, hukaa chini mbele ya baba yake na kuomba nyundo kama mtu anavyoposa. Kuomba nyundo moto ukiwa hai ni kumtakia baba kifo. Kutoiomba moto ukiwa umekufa ni kusema, simtaki mkeo, na kazi yako siitaki.

"Mimi nilimletea nyundo nyingine," kaka alisema.

Kaka aliondoka mbio. Nilidhani amekimbia msiba, lakini alikuwa amekwenda kwa jirani kutafuta lubisi. Alirudi na kibuyu, mvua ikimnyeshea, akaketi chini mlangoni mwa kibanda, mbele ya kigoda kitupu. Sauti yake nilikuwa nimeizoea ikiniimbia na kunitania, na sasa ilikuwa ikiomba. Alisema maneno yote kama Shangazi alivyoyasema, akayarudia. Wazee wa ukoo walimwacha amalize. Kisha mmoja wao akamwinua kwa mkono na kumwambia, kwa upole, kwamba nyundo hupokewa kutoka kwenye mkono wenye uhai.

Mama mdogo alizikwa na Tata. Walimweka ubavuni mwake akiwa ndani ya nguo yake ya gome. Nilifurahi kidogo kwamba hakuachwa peke yake, kisha nikaona kaka yangu, mtu mzima, ameuma ukosi wa shati lake ili asipige kelele, na furaha yangu ikaisha.

Baada ya hapo alihamia Ihembe kwa Shangazi, akalima kahawa. Hakugusa chuma tena isipokuwa jembe, na jembe lenyewe lilikuwa la dukani. Kabla ya kuhama alimkuta Mama akiyatoa mabomba yote nje, akiyapanga uani kwenye mvua ili yarudi udongo. Alichukua moja. Mama alimwona na hakumkataza. Mengine yaliloa, yakalala, yakawa matope, na mwaka uliofuata palichipua maboga pale.

Miaka mingi baadaye, nami nikiwa na watoto, nilimuuliza Mama kwa nini hakumwambia kaka siku ile bondeni. Neno moja tu lilitosha. Nilimuuliza kwa hasira, nakiri, hasira ya mtu aliyeuona mlango uko wazi na hakuna anayepita.

"Ningemwambia nini?" alisema. "Kwamba aje amchukue mwenzangu, na mume wangu yu hai? Mke hasemi hilo. Ningekuwa nimemfukuza mwenzangu na kumzika mume wangu kwa mdomo huu." Kisha akatazama mikono yake. "Nilisema kwa udongo. Nilitengeneza mabomba mengi, ili akiyaona aelewe kwamba yanangoja mtu. Yeye alidhani nimezoea kazi."

Nilitamani kuendelea kumkasirikia, lakini nikashindwa. Nimejaribu kumkasirikia Tata kwa kuamini kwamba marehemu babu alikwisha sema, na babu kwa kufa mapema, na kaka kwa kuwa na huruma kuliko udadisi. Hasira haikai kwa yeyote kati yao. Wote walifanya lililo sahihi, kila mtu kwa upande wake, na kazi ya mikono mingi iliyopokezana tangu enzi za kuyeyusha mawe ikaishia kwenye shimo. Ninasikitika, basi. Nimezeeka nikisikitika, na sijapata dawa yake.

Wifi alikuwa bado amesimama, akisubiri niseme hicho kitu ni nini, huku macho yake yakiwa yamevimba kwa kilio. Nikapapasa kitanda kando yangu.

"Kaa, wifi," nilimwambia. "Hukumnyima kinywaji. Hakuwa na kiu."

Akakaa. Nikaliweka bomba magotini kwake, nikamwambia lilitengenezwa na mama mkwe wake ambaye hakuwahi kumwona, nikamweleza yote, tangu majivu mpaka kibuyu, bila kumficha kitu. Jua lilikuwa limeondoka dirishani nilipomaliza. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu.

"Sasa kibuyu alikuwa akitaka kukipeleka wapi?"

"Nyumbani," nikasema. "Kila moto wako wa jikoni ulipozimika, alidhani Tata anamwita."